Ada na Hasara: Fikira juu ya Kikomo cha Mtambo wa Joto

Yako maswali ambayo mtoto huyauliza na mtu mzima akayapuuza, ilhali ndani yake mna elimu nzima. Moja ni hili: kwa nini mvuvi wa Palma hununua petroli? Bahari iliyo chini ya mashua yake ina joto la digrii 27 za Sentigredi, na katika miezi ya kaskazi huweza kuzidi hapo. Tukichukua sehemu ya bahari yenye urefu wa kilomita 1 na upana wa kilomita 1, kina chake mita 10, kisha tukayapoza maji yake kwa digrii 1 tu, joto litakalotoka litalingana na joto la kuchoma lita zaidi ya milioni 1 za petroli. Mvuvi amekaa juu ya hazina hiyo usiku na mchana, na bado huenda dukani na dumu mkononi. Je, ni uchache wa elimu? Ni hila ya wauza mafuta? Au liko jambo katika maumbile yenyewe linalomkatalia?

Jibu ni hilo la tatu, na si jibu la kubahatisha bali limethibitishwa. Katika makala haya tutalitazama jibu hilo, kisha tuulize swali lililo la utu zaidi kuliko la sayansi: maumbile yanapotuwekea kikomo, kikomo hicho hutupa udhuru wa mambo gani, na hakitupi udhuru wa mambo gani? Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mlango wa Mto Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Hapo, kati ya wasemaji wa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, zimekutana gesi nyingi, mitambo mikubwa, na watu waliopoteza mengi.

Joto Peke Yake Halitoshi

Mwaka 1824 kijana wa Kifaransa aliyeitwa Sadi Carnot, mwenye umri wa miaka 28, alichapisha kitabu kidogo juu ya nguvu ya moto. Aliuliza swali lililo rahisi kutamka: je, uko mwisho wa kazi tuwezayo kuipata katika joto, au mafundi wakizidi kuwa hodari wataipata yote? Ili kulijibu alifananisha mtambo wa mvuke na gurudumu la maji. Maji hayasagi nafaka kwa wingi wake, bali kwa kuanguka kwake. Ziwa kubwa lililotulia halizungushi gurudumu hata moja, lakini kijito chembamba kinachoporomoka mlimani huendesha kinu. Vivyo hivyo joto halifanyi kazi kwa wingi wake, ila kwa kushuka kutoka penye moto hadi penye baridi. Pasipo tofauti hapana kazi.

Carnot alidhani kwamba joto hushuka lote bila kupungua, kama maji yashukavyo. Katika hilo alikosea, na wenzake waliomfuata, Clausius wa Ujerumani na Kelvin wa Uingereza, walionyesha kwamba sehemu ya joto hugeuka kuwa kazi na sehemu iliyobaki ndiyo humwagwa kwenye baridi. Walakini shina la fikira zake lilisimama. Mwenyewe hakuyaona hayo, kwani kipindupindu kilimwua mwaka 1832 akiwa na miaka 36, na kitabu chake kilikuwa kimesomwa na wachache mno.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari. Halijoto huhesabiwa kuanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, iliyo digrii 273 chini ya sifuri ya Sentigredi. Ukitaka kujua kikomo cha mtambo, gawanya halijoto ya upande wa baridi kwa halijoto ya upande wa moto, kisha jibu lako uliondoe katika 1. Mathalan, mtambo wa mvuke wenye digrii 527 upande wa moto na digrii 27 upande wa baridi una 800 juu na 300 chini. Mia tatu kwa mia nane ni 37.5 katika 100. Basi mtambo huo, hata ungeundwa na malaika, hauwezi kutoa kazi zaidi ya 62.5 katika kila 100 za joto. Hizo 37.5 zilizobaki hazina budi kumwagwa.

Sasa turudi kwa mvuvi wetu. Juu ya bahari mna digrii 27. Katika kina cha mita 2,000, ambacho ndicho kina cha bahari pale gesi ya Coral inapochimbwa mkabala na mwambao huu, maji yana digrii 3 hivi. Kwa hiyo tofauti ipo, na mtambo waweza kujengwa. Lakini hesabu inatuambia kwamba kikomo chake ni 8 katika 100, na kwa vitendo mitambo ya namna hiyo hupata 2 au 3 tu, baada ya kulipa gharama ya kuyavuta maji baridi kutoka chini. Hazina ni kubwa, mlango wake ni mwembamba.

Huenda msomaji akasema: nani ajuaye? Labda kesho atazaliwa fundi wa kukipita kikomo hicho. Hapa ndipo ulipo uzuri wa hoja ya Carnot. Tuseme fundi huyo amezaliwa, na mtambo wake unatoa kazi nyingi kuliko ule wa Carnot kwa joto lilelile. Tuchukue sehemu ya kazi yake tuuendeshe mtambo wa Carnot kinyumenyume, kama jokofu, maana jokofu si kitu kingine ila mtambo wa joto uliopinduliwa. Mtambo huo uliopinduliwa utalirudisha joto lote kwenye upande wa moto, na bado itabaki ziada ya kazi. Ziada hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye upande wa baridi peke yake, bila tofauti yoyote kutumika. Ni sawasawa na mashua inayokwenda kwa joto la bahari tupu. Na haijapata kuonekana bahari iliyojipoza yenyewe ili isukume mashua. Kikomo cha Carnot, basi, hakikuwekwa na uvivu wa mafundi.

Wala mvuvi wa tanga hakosi kuuonja mtambo huu. Kaskazi na kusi ni kazi ya mtambo mmoja mkubwa ambao moto wake ni jua. Bara la Asia hupata moto na kupoa upesi kuliko bahari, na tofauti hiyo ndiyo inayougeuza upepo mara mbili kila mwaka. Na mtambo huo nao hulipa: katika nguvu ya jua inayoufikia ulimwengu, ni 1 au 2 tu katika 100 zinazogeuka kuwa upepo. Kwa sehemu hiyo ndogo, majahazi ya mababu zetu yalikwenda Arabuni na kurudi.

Maneno Mawili ya Kutenganisha

Hapa sisi walimu wa lugha tuna la kuchangia. Vitabu vyetu vya sayansi huliita joto lililomwagwa “hasara” au “upotevu”, pasipo kubagua. Lakini yamo mambo mawili ndani ya neno hilo. Mtambo wa mvuke tulioutaja una kikomo cha 62.5, ilhali mitambo halisi ya namna hiyo hutoa kazi ya 35 hadi 40. Katika hizo 60 au zaidi zinazopotea, 37.5 zinatakwa na maumbile. Zinazosalia zinatokana na msuguano, mivujo, uchakavu, haraka na ubahili wetu. Kuyapa mambo hayo mawili jina moja ni kumchanganya mlipa kodi na mtupa fedha.

Napendekeza fungu la kwanza tuliite ada. Ada kwa Kiswahili ni malipo yaliyowekwa, ambayo mtu akitaka jambo hana budi kuyatoa. Hakuna harusi bila ada zake, wala anayezitoa hasemi ameibiwa. Fungu la pili ndilo tuliite hasara, yaani kilichopotea ambacho kingeweza kuokolewa. Na lile neno ufanisi, ambalo lina mzizi mmoja na kufana, tulitumie kwa kupima umbali uliopo baina ya tulipo na tunapoweza kufika. Shughuli haifani kwa kuwa haikuwa na gharama. Hufana kwa kuwa gharama iliyotolewa ilistahili kutolewa.

Kutokana na maneno hayo yaweza kutungwa kanuni ya maadili, nayo ndiyo kiini cha makala haya: kikomo cha kweli humsamehe mtu mpaka kwenye kikomo chenyewe, wala hakimsamehe hata hatua moja chini yake. Mwenye mtambo wa 38 akisema “maumbile ndivyo yalivyo,” amesema kweli kwa sehemu na uongo kwa sehemu, na uongo uliovaa nguo za kweli ndio mgumu kuvuliwa.

Penye Hasara Bila Ada

Tuijaribu kanuni hiyo jikoni. Katika nyumba nyingi za Cabo Delgado chakula hupikwa kwa kuni na mkaa. Moto wa mafiga matatu hufikisha chunguni kiasi cha 10 hadi 15 tu katika kila 100 za joto la kuni. Nyingine zote huenda na upepo na moshi. Je, Carnot ndiye aliyetaka hivyo? La, hasha. Carnot aliweka kikomo kwa anayetaka kugeuza joto kuwa kazi. Mpishi hataki kazi ya namna hiyo. Anataka joto, na joto analo. Hakuna kanuni ya maumbile inayokataa joto karibu lote la kuni liingie chunguni. Kwa hiyo upotevu wa jikoni wote ni hasara, wala hamna ada ndani yake.

Tazama basi kinyume kilichopo. Kwa mtambo wa umeme, ambao kikomo chake kimewekwa na maumbile, wahandisi wamekesha miaka mia mbili wakikikaribia. Kwa figa la mama, ambalo halina kikomo hicho, fikira zilizotolewa ni chache na fedha ni chache zaidi. Anayelipa ni mwanamke aendaye mbali kutafuta kuni, na kifua chake kinachovuta moshi. Kuusema umaskini wa jiko hilo kuwa “hali ya dunia” ni kuisingizia dunia.

Liko jambo jingine linalostahili kutajwa, ingawa kwa ufupi. Mtambo unaofikia kikomo cha Carnot sharti uende polepole mno, hata mwendo wake usionekane. Ukitaka kazi upesi, lazima ukubali kupoteza. Mwaka 1975 wataalamu Curzon na Ahlborn walionyesha hesabu ya mtambo unaotoa nguvu nyingi kadiri iwezekanavyo kwa wakati. Kwa mfano wetu wa 800 na 300, jibu lake ni karibu 39 katika 100, lililo karibu sana na mitambo halisi. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na hapa methali imepata tarakimu. Lakini haraka si maumbile. Haraka ni uchaguzi wa mtu, na mwenye kuchagua ndiye wa kuulizwa.

Je, Joto la Nchi Ndilo Sababu?

Iko hoja kongwe kwamba nchi za joto zimehukumiwa na hewa yake. Montesquieu, katika kitabu chake cha mwaka 1748, alifundisha kwamba joto huwalegeza watu na baridi huwapa nguvu, na wengi walimfuata. Mtu aweza kudhani kwamba Carnot anaiunga mkono hoja hiyo, kwa kuwa mtambo hupenda upande wa baridi uwe baridi zaidi. Basi tupime. Mtambo wetu wa digrii 527 tuupeleke Hammerfest, kaskazini mwa Norway, ambako pia gesi hugeuzwa kuwa kimiminiko, na upande wake wa baridi uwe digrii 5. Kikomo chake kitakuwa 65.25 katika 100. Palma ni 62.5. Tofauti haifiki 3.

Hiyo ndiyo dhuluma yote ambayo maumbile yameitendea Palma katika jambo hili: chini ya 3 katika 100. Atakayesema kwamba umbali uliopo baina ya maisha ya Palma na maisha ya Hammerfest umetokana na hewa, na aonyeshe sehemu iliyobaki imetoka wapi. Kikomo kilichopimwa vizuri huwa shahidi wa mnyonge, kwa maana humwonyesha ni kiasi gani cha shida yake kisichotoka mbinguni.

Hoja ya Mhanga

Sasa tufike mahali pazito. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari kuu mkabala na pwani hii. Mwaka 2019 uamuzi wa kujenga kiwanda kikubwa katika rasi ya Afungi ulipitishwa. Watu wa vijiji vya rasi hiyo, Quitupo kimojawapo, walihamishiwa makazi mapya ya Quitunda, na jamaa zilizozoea kuvua na kuchokoa pweza maji yakupwapo zikajikuta mbali na bahari. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia viliua maelfu na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu. Tarehe 24 Machi 2021 Palma yenyewe ilishambuliwa, na mwezi uliofuata ujenzi wa Afungi ukasimamishwa. Baharini, meli-kiwanda ya Coral Sul ilipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Sababu za vita ni nyingi, wala sidai kwamba gesi peke yake ndiyo iliyovizaa. Nataka kutazama hoja moja tu inayosikika kila penye mradi mkubwa: kwamba maendeleo hayaji bila mhanga, kwamba kama mtambo usivyoweza kwenda bila kumwaga joto, taifa nalo haliwezi kwenda bila kuwamwaga baadhi ya watu wake.

Hoja hiyo ina mvuto, kwa sababu imejiegemeza kwenye jambo la kweli. Lakini ina kasoro tatu.

Kwanza, ada ya mtambo inajulikana kwa hesabu. Gesi hupozwa hadi digrii 162 chini ya sifuri ili iwe kimiminiko, na kazi hiyo hula takriban 8 hadi 10 katika kila 100. Inapofika ng'ambo na kuchomwa katika mitambo iliyo bora kabisa, hutoa umeme wa 60 na kidogo katika 100, ilhali kikomo cha Carnot kwa moto wa digrii 1,500 ni 83. Kila hatua ina tarakimu, na mhandisi aliyepoteza mbili zaidi huulizwa. Je, ni nani aliyepiga hesabu ya kuonyesha kwamba watu wa kijiji hawana budi kuipoteza bahari? Carnot alithibitisha kikomo chake kwa kuonyesha kwamba kinyume chake hakiwezekani. Anayetangaza ada kwa binadamu wenzake naye anadaiwa uthibitisho wa namna hiyo. Asipouleta, alichokitangaza ni hasara, na tena ameipangia wengine.

Pili, hata ada halali haina lazima itupwe ovyo. Joto linalotoka kwenye mtambo laweza kukausha samaki, kusafisha maji ya chumvi, hata kuzalisha barafu. Maumbile yametaka joto hilo litoke. Hayakusema liende wapi. Basi hata pale ambapo mtu amelazimika kuhama, bado kuna maswali ya anahamia wapi, anapewa nini, na nani aliyemwuliza. Majibu yake yote yamo mikononi mwa watu.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: joto halina haki, binadamu anayo. Upande wa baridi wa mtambo haulalamiki kwa kumwagiwa. Methali yetu husema wapiganapo tembo nyasi huumia, na aghalabu huisema kama kwamba kuumia kwa nyasi ni maumbile. Lakini mtu si nyasi. Kumfanya mtu kuwa upande wa baridi wa mtambo wa wenzake ni kumtoa katika utu na kumwingiza katika vyombo, na hakuna kanuni ya elimu ya joto inayoamuru hivyo.

Wajibu Wetu

Mtu aweza kuuliza: je, tukifikia ufanisi wa juu kabisa, tutakuwa tumetenda haki? Hata Carnot asingekubali. Mwishoni mwa kitabu chake alitanabahisha kwamba kuokoa kuni ni sharti moja tu kati ya mengi, na kwamba mara nyingi usalama, uimara, udumu na gharama ya mtambo hutangulia mbele yake. Ufanisi hupima kile tulichochagua kukihesabu. Mtambo wa Afungi waweza kuhesabiwa tani zake hadi ya mwisho, na jiko la Quitunda lisihesabiwe hata mara moja. Kosa la hesabu hiyo halimo katika kugawanya. Limo katika yaliyoachwa nje.

Ndugu walimu, wengi wetu hatutajenga mitambo. Tunachojenga ni maneno ambayo watoto watayatumia kuitazama dunia, nayo hayo nayo ni mitambo. Mwanafunzi aliyefundishwa kutenganisha ada na hasara atajua kukubali lisiloepukika bila kunung'unika, na atajua pia kumsimamisha yeyote anayemletea ya kuepukika akiyaita majaliwa. Atamwuliza maswali mawili, kwa adabu: kikomo chenyewe ni kipi, na wewe umesimama umbali gani chini yake?